Rangi ya Kucha Ndani ya Kamera

Mtaani walimwita Profesa, na yeye hakuwahi kushtuka kwamba walikuwa wanamcheka. Duka lake la kutengeneza kamera, saa na redio lilikuwa na upana wa mtu aliyenyoosha mikono, lakini dharau iliyokuwamo humo ingetosha jengo la ghorofa. Ukimpelekea saa iliyosimama, haanzi kuiangalia saa. Anaanza kukuangalia wewe, kutoka viatu mpaka nywele, kisha anafyonza. "Umeitia maji." Ukiapa kwamba hujaitia maji, anafyonza tena, kwa urefu zaidi. Mara nyingi kweli ilikuwa imetiwa maji, hilo tumpe. Ufundi alikuwa nao. Shida ni kwamba alikuwa nao kwa sauti kubwa.

Juu ya meza yake palikaa kopo la maziwa ya unga ambalo ndani yake alitunza alichokiita ujinga wa mafundi wengine. Kila alipofungua mashine ya mtu na kukuta mpira wa kufungia noti mahali pa springi, au kijiti cha kiberiti mahali pa skrubu, alikitoa na kukitupia humo. Mteja akikaa kidogo kusubiri, basi atasomewa kopo zima, kitu kimoja baada ya kingine, na jina la fundi aliyehusika kama linajulikana. Wateja walijifunza kutokaa.

Ukutani, juu ya kopo, ilining'inia picha ya marehemu baba yake akiwa amesimama mbele ya studio yake. Hapo Profesa hakufyonza. Studio ya baba yake ilisifika kwa jambo moja: sura za watu zilitoka. Kwa wapiga picha wengine wa enzi hizo ulivaa suti, ukajipaka mafuta, ukalipa, na wiki ya pili ukakabidhiwa picha ya kola nyeupe na meno, katikati giza. Kwa mzee yule ulijiona mashavu yako, kidoti chako, hata ile hasira uliyokuja nayo kutoka nyumbani. Watu walisema ni mkono wa mzee. Profesa alipenda kuinua mkono wake wa kulia mbele ya wateja na kusema, "Huu hapa, nimeurithi," kana kwamba vidole vile vilikuwa na muhuri wa serikali.

Jumatatu moja asubuhi dada yake mkubwa aliingia dukani na kitu kilichofungwa kitambaani. Dada mtu alikuwa mshonaji, mwenye futi ya kupimia shingoni saa zote, na alikuwa mtu pekee katika ukoo aliyeweza kumkatiza Profesa katikati ya sentensi.

"Kamera ya baba," alisema, akaifungua mezani. "Mshale wa kupima mwanga umekufa. Mama anataka kupigwa picha."

"Mama? Picha?"

"Mama, picha. Daktari amesema presha ya macho imeshamaliza pembeni kote. Anaona kwa kitundu tu hapa katikati, na chenyewe kinafunga. Hakuna dawa ya kukirudisha. Mama amesema kabla hakijafunga anataka kuiona sura yake imepigwa na kamera hii."

Hapa inabidi kueleza kidogo. Miaka thelathini na moja mama yao alifanya kazi katika chumba cha giza cha ile studio. Mzee alipiga, yeye akaosha filamu na kutoa picha. Maelfu ya sura zilipita majini chini ya vidole vyake, za maharusi, za watahiniwa, za watu wa pasipoti, lakini yake haikupita hata moja. Kila walipokusanyika wageni kupigwa picha ya pamoja, mama alikuwa ndani, mikono imelowa dawa. Dada mtu alishampiga kwa simu mara kadhaa. Mama aliisogeza simu mpaka puani, akasema imempaka poda, akairudisha.

"Na filamu iko moja tu," dada aliongeza. "Ya picha kumi na mbili. Mama aliificha kwenye mlango wa friji tangu studio ilipofungwa. Nyingine ni ya kuagiza ng'ambo, na kufika kwake ni majaliwa. Kwa hiyo tafadhali, mdogo wangu, usije ukaleta mambo yako."

"Mambo yangu yapi?"

Dada alimwangalia tu, akaondoka.

Profesa alifungua kifuniko cha betri na kufyonza kabla hata hakijatoka. Betri ya zamani iliachwa humo miaka, ikavuja, kuta za kijumba chake zikaota kutu ya kijani. Alimlaani dada yake kwa kuiacha, akamlaani mtengeneza betri, akachovya pamba kwenye siki na kuisugua ile kutu mpaka chuma kikang'aa. Akaweka betri mpya. Mshale haukutikisika.

Akageuza kamera chali, akatoa skrubu nne za kitako na kuzipanga juu ya karatasi kwa mpangilio wa zilivyokaa. Waya mwembamba uliotoka kwenye betri ulionekana mzima. Aliuvuta kidogo kwa kibano, nao ukakatika kimyakimya. Ndani ya ngozi yake ulishageuka unga. "Waya umebaki rangi tu," alisema peke yake, kwa uchungu, kana kwamba ametukanwa. Akalehemu mwingine. Mshale ukaruka, ukatetemeka, ukakwama nusu njia. Akafungua juu, akaisafisha pete inayozunguka pamoja na namba za filamu, maana ilikuwa na mafuta yaliyoganda. Mshale ukaanza kwenda na kurudi vizuri.

Ikabaki betri. Zile za zamani, ambazo kamera hii ilitengenezewa, hazitengenezwi tena, na hizi za sasa zina nguvu zaidi kidogo, kwa hiyo mshale unadanganya kwamba mwanga ni mwingi kuliko ulivyo. Fundi wa kawaida hajui hilo. Profesa alilijua, akakumbuka kwamba wengine hawalijui, akatabasamu. Akafunga kidude kidogo cha kushusha ile nguvu, akapima kwa mita, ikawa sawasawa na ya zamani. Mpaka hapo, tuseme ukweli, kazi ilikuwa safi na angestahili kupigiwa makofi.

Kisha akaielekeza kamera kwenye ukuta mweupe wa duka na kulinganisha na kipima mwanga chake cha mkononi, ambacho alikiamini kuliko daktari. Havikulingana. Kamera ilisema mwanga ni mdogo, mdogo kwa hatua moja na nusu nzima. Akarudia. Akahamia mlangoni, akarudia. Tofauti ilikuwa ile ile kila mahali, na kosa linalokuja sawasawa kila mahali halitokani na uchafu. Kuna mtu amelitia.

Alilipata ndani kabisa, pembeni ya kijicho kinachopokea mwanga. Ilikuwa rizista, kile kidude kidogo kama punje kinachopunguza nguvu ya umeme, imeungwa katikati ya waya ambao kiwandani ulitoka mzima. Risasi ya kulehemu ilikuwa imemwagwa donge kama la uji. Na juu ya donge, ili waya usiguse chuma, mtu alikuwa amepaka rangi ya kucha. Nyekundu.

Profesa aliegemea kiti akacheka kwa sauti, peke yake dukani.

"Rangi ya kucha! Ndani ya kamera ya baba yangu! Huyu alikuwa fundi au msusi?"

Mtu mwingine, mwenye adabu kidogo na kitu asichokielewa, angejiuliza kwa nini kamera yenye kosa hilo ilipiga picha zilizosifiwa mji mzima. Profesa alikuwa na jibu tayari kabla ya swali: mkono wa baba. Mzee alikuwa hodari kiasi kwamba hata mashine iliyoharibiwa na mjinga haikumshinda. Akaikata ile rizista, akaunganisha waya kama ulivyotoka kiwandani, akapima. Kamera na kipima mwanga vikasema neno moja. Rizista aliitupia kwenye kopo, na wiki ile nzima hakuna mteja aliyetoka dukani bila kuonyeshwa.

Jumamosi alikwenda kwa dada yake, ambako mama alikuwa akiishi. Dada alikuwa ameosha ukuta wa sebule, akamkalisha mama mbele yake kwenye kiti cha kushonea, dirisha upande wa kushoto, kama studio ilivyokuwa. Mama alivaa gauni jeupe na kitambaa cheupe kichwani. Alikaa wima, mikono magotini. Alikuwa mama mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye vidole vilivyopauka ncha kwa dawa za miaka yote ile.

"Niipe," alisema. Profesa akamwekea kamera mikononi. Aliipapasa chini, akagusa skrubu moja moja. "Umeifungua."

"Nimeitengeneza, mama."

"Ulikuta nini ndani?"

"Uchafu tu."

"Uchafu gani?"

Hapo ndipo angeweza kuokoka. Swali lilikuwa limenyooka, na jibu alikuwa nalo, tena lilikuwa limekaa kwenye kopo. Lakini alikwisha ichukua kamera na kuchuchumaa, jicho kwenye kioo chake, na ile sauti ya dukani ikamtoka bila kuitwa.

"Mama, hayo ni mambo ya umeme. Nikikueleza mpaka jioni hutaelewa. Wewe kaa, tazama hapa."

Mama alirudisha mikono magotini. Dada mtu, aliyekuwa ameegemea mlango, alibetua midomo.

Profesa alipima. Mshale ukasimama katikati, imara, mzuri wa kupendeza. Akapiga picha ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Sasa hebu badilisha kidogo," dada alisema. "Nyingine ongeza mwanga, nyingine punguza. Mimi nampima mtu kiuno kwa futi, na bado nikikata naacha sentimita mbili za akiba."

"Ndiyo maana wewe unashona," Profesa alijibu. "Kubahatisha ni kwa wasiojua kupima."

Akazipiga zote kumi na mbili kwa kipimo kimoja, kama askari anayepiga saluti. Alipomaliza akainuka, akajifuta goti.

"Zimetoka vizuri kabisa," alisema.

"Umeshaziona?" mama aliuliza.

Filamu aliiosha mama mwenyewe, alikataa mtu mwingine kuigusa. Stoo ya dada ilizibwa mwanga kwa blanketi, na humo ndani, mahali ambapo mwenye macho na asiye nayo wako sawa, vidole vyake viliizungusha filamu na kuichovya kwenye dawa bila kukosea hata mara moja, huku akihesabu dakika kwa sauti ndogo. Profesa alisubiri nje. Alikuwa ameshachagua fremu, ya mbao, sawa na ile ya baba.

Mama alitoka na filamu inachuruzika maji. Akaenda nayo dirishani, akaisogeza karibu na jicho la kulia, akaipitisha taratibu kwenye kile kitundu alichobakiziwa, picha moja baada ya nyingine. Ukuta ulikuwapo. Gauni lilikuwapo, mpaka mishono. Kitambaa cha kichwa kilikuwapo. Katikati ya kitambaa na gauni, mahali pa uso, filamu ilikuwa tupu kama kioo cha dirisha. Mara kumi na mbili.

"Umetoa nini ndani ya kamera yangu?" aliuliza.

Profesa aliisikia "yangu" lakini hakuielewa bado. Alichukua filamu, akaiangalia, akaigeuza, akaiangalia tena. "Kulikuwa na rizista," alisema. "Fundi mmoja mjinga aliiweka. Ilikuwa inadanganya mshale."

"Yenye rangi nyekundu."

Profesa aliishusha filamu.

"Maisha yangu yote nimenunua chupa moja ya rangi ya kucha," mama alisema. "Kwa dawa zile, kucha nilikuwa nazo wapi za kupaka? Nikaipaka kwenye kamera."

Aliketi, akaweka mikono magotini kama alivyokaa kupigwa picha.

"Kile kipima mwanga kinajua ukuta. Kinajua shuka na shati. Ukimweka mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kinaona weupe tu, kinakwambia mwanga ni mwingi, punguza. Mimi ndiye niliyekuwa nazitoa hizo picha. Nilikuwa nahangaika na sura za watu majini, hazitoki, hazimo. Nikamwambia baba yako, ongeza hatua moja na nusu. Akaniambia kazi yangu ni kuosha. Nikamwambia mwaka mzima. Basi alipokwenda msibani kwao siku nne, nikaifungua. Rizista niliitoa kwenye redio iliyokufa. Chuma cha kulehemu nilikipasha kwenye jiko la mkaa, ndiyo maana lile donge. Najua ni baya. Sikuomba kupewa cheti."

"Lakini mama, ungebadilisha tu namba za filamu pale juu, mshale ungeshuka vile vile..."

"Za juu angeziona. Ndani hakuwahi kufungua."

Dada mtu, aliyekuwa amerudi kwenye cherehani, alikuwa ameacha kushona.

"Akarudi, akapiga, nikatoa. Sura zikatoka. Akaziangalia, akainua mkono wake hivi." Mama akainua mkono wa kulia, vidole vimetanuka, na Profesa akaitambua ile namna ya kuinua, akatamani sakafu immeze. "Akasema, umeona, mkono unakomaa. Nikasema nimeona. Miaka ishirini na sita sikusema kitu, kwa sababu nilijua nikisema ataitoa. Na wewe umeitoa bila hata kuambiwa."

Profesa alirudi dukani saa hiyo hiyo, jua likiwa kali. Alimwaga kopo lote juu ya meza, mipira, vijiti, skrubu za watu, akaitafuta ile punje yenye wekundu. Aliiona. Akaiosha vumbi kwa mate na kitambaa. Alikuwa na rizista mpya mia moja kwenye droo, safi, za kipimo kile kile, lakini alilehemu ile ile, na lile donge hakulilainisha. Ile rangi ilikuwa imebanduka upande mmoja. Alikwenda duka la jirani la vipodozi kununua chupa ya rangi ya kucha, na muuzaji, ambaye saa yake iliwahi kufyonzwa, aliuliza kwa utulivu kama ni ya kwake.

Filamu ya kuagiza ilichukua wiki tisa. Katika wiki hizo Profesa alikwenda kwa dada yake kila siku ya pili kuuliza mama anaonaje, na kila alipouliza mama alijibu, "Mpime mwenyewe, si una mshale?" Wiki ya sita mama aliacha kugeuka dirisha lilipofunguliwa. Wiki ya nane alimimina chai pembeni ya kikombe, akaifuta na kiganja, akaendelea kuzungumza.

Filamu ilipofika walimkalisha tena, gauni lile lile, ukuta ule ule. Profesa alifuata mshale wa mama yake, na akaacha sentimita mbili za akiba kila upande, kama mshonaji. Safari hii hakuna aliyemwambia. Mama aliosha filamu gizani, na walipofika kwenye karatasi ya kutolea picha, inayohitaji jicho chini ya taa nyekundu, alimwachia mwanawe akakaa nyuma yake kumhesabia. "Usitikise hivyo, unachekecha unga? Taratibu. Thelathini. Arobaini. Sasa kinatokea nini?"

Kilikuwa kinatokea. Kwanza kitambaa, kisha gauni, kisha, polepole, ndani ya weupe ule, mashavu. Mikunjo miwili kando ya mdomo. Kidoti chini ya jicho la kushoto, ambacho Profesa aliishi nacho miaka arobaini na minne bila kukiona. Mwanamke aliyekuwa akimtazama kutoka majini alikuwa na uso wa mtu anayejua kitu na amechoka kungoja kuulizwa. Profesa alilia, na alishukuru kwamba taa ilikuwa nyekundu, kisha akakumbuka kwamba haikuleta tofauti.

Ilipokauka aliipeleka sebuleni, akamwekea mama mikononi. Mama aliisogeza jichoni, kushoto, kulia, akaitafutia kile kitundu. Aliitafuta kwa muda mrefu. Alikuwa ameishika kichwa chini. Profesa akaigeuza.

"Uso umetoka?" mama aliuliza.

"Umetoka, mama. Vizuri kabisa."

"Vizuri kabisa," mama alirudia. Alipitisha kidole juu ya karatasi, pale ambapo sura yake ilikuwa, akafyonza kidogo, kisha akamnyooshea mwanawe picha. "Hata zile za kwanza uliniambia hivyo hivyo. Mwite dada yako aje aniambie."

Profesa alichukua picha, akaenda mlangoni, akamwita dada yake.